Darubini ya Watu wa Fuma

Jumapili, 14 Aprili

Daftari hili si langu, ni la darubini. Babu Badi ndiye aliyeagiza. "Kila ukiigusa, andika. Tarehe, hali ya hewa, na ulilofanya. Usipoigusa, andika kwamba hukuigusa." Nikamwambia, Babu, mimi shule niliacha darasa la sita, na niliacha kwa sababu mwalimu alikuwa ananionea wivu. Akasema hakuna aliyeniomba nitunge kitabu cha sheria.

Haya. Jina langu Nasrudin, miaka kumi na saba, mzaliwa wa Ngumi, mpiga mbizi wa kwanza kisiwani. Wapo wanaosema wa kwanza ni mwana wa Zakir. Waulizeni na masikio yake, yanayovuja damu akizama.

Darubini si yetu. Babu alinishika mkono ili nisikie vizuri. Mwaka wa tisini na moja, vita vya Somalia vilipofika pwani, watu wa Fuma, kisiwa jirani, walijazana mashuani kukimbilia Kenya. Nahodha Athmani wa Fuma alipita hapa Ngumi kujaza maji, akamwachia Babu darubini yake ya shaba, maana njiani watu walikuwa wanavuliwa hata viatu. Aliiacha iwe amana, mpaka mmoja wa watu wake arudi aichukue. Nahodha alifia huko huko, na miaka thelathini na tatu hii hakuna aliyerudi.

Sasa Babu ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na kifua kinambana. "Sitaki kufa na kitu cha mchu mkononi," amesema, na mchu kwa wazee wetu ni mtu. Amelisema mara tatu, na mara ya tatu aligeukia ukutani.

Kuanzia leo mtunzaji ni mimi. Sharti ni moja: atakayekuja kuidai ataje alama zake kabla hajaonyeshwa. Akizijua, ni yake. Asipozijua, aende salama. Kwa hiyo alama hazisemwi.

"Hata kwa Sabah?"

"Hata kwa ukuta."

Sabah ni dada yangu, miaka kumi na miwili, masikio ya popo. Sitamwambia. Wala hapa sitaziandika. Ila nisije nikasahau mwenyewe: mirija mitatu inayoingia mmoja ndani ya mwenzake, ngozi ya nje imechakaa upande mmoja tu, maandishi ya Kizungu yaliyobaki wazi ni LONDON, na chini ya tundu la jicho pamekwaruzwa ndoana ndogo kwa ncha ya kisu. Basi. Hapo nimemaliza kutoziandika.

Jumanne, 16 Aprili

Mawingu. Sikuigusa.

Alhamisi, 18 Aprili

Unyevu, hata chumvi inatoa maji. Nimeifungua na kuivuta. Mrija wa kwanza umetoka vizuri, wa pili umekwaruza, wa tatu umegoma kama punda. Nilipoweka jicho nikaona ukungu tu, na ndani ya ukungu nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Kwenye maungio kuna kutu ya kijani.

Sikumwambia Babu. Ataamini nimeiharibu mimi, na mimi ndiyo kwanza nina siku nne kazini.

Ijumaa, 19 Aprili

Jua kidogo. Nimepata akili. Kismayo yupo Abdulrazaq, fundi saa, ananijua tangu nilipomuuzia kamba wakubwa. Anajua vyombo vya vioo. Nikaamua nimtumie picha, aniambie ni chombo gani hasa na kinatibiwaje.

Mtandao Ngumi unapatikana mahali pamoja, juu ya ukuta wa gofu upande wa mashariki, ukisimama kama korongo. Nikafunga darubini kwa uzi wa nyavu, ule wa buluu, nikaining'iniza shingoni nisije nikaiangusha nikipanda. Sabah akanipiga picha sita. Moja ya maandishi, moja ya jicho, moja ya ngozi, na tatu za mimi, maana nilipendeza.

Nimemtumia fundi zote. Na ile ambayo nimesimama nimeishika kifuani, uso wangu umegeukia bahari kama nahodha wa meli ya chuma, nimeiweka kwenye Wasap, na zile za karibu nyuma yake, waione wote wenye namba yangu. Nikaandika chini: Urithi hauuzwi. Mpaka nashuka ukutani walikuwa wameshaitazama watu sitini.

Ndiyo, si urithi wetu. Lakini "amana haiuzwi" haina ladha.

Jumapili, 21 Aprili

Fundi amejibu kwa sauti, dakika saba, kama mahubiri ya Mwalimu Sharif, imamu wetu, ambaye akianza mvua inaanza, na mvua ikiisha yeye bado. Nimeandika alichosema:

Kwanza, si ya kuigiza. Zipo nyingi mpya zinazotengenezwa na kupakwa dawa zionekane kongwe. Za kuigiza herufi zake zimechimbwa kwa mashine, zote kina kimoja, na shaba yake nene nzito. Hii herufi zake zimechorwa kwa mkono, mrija una mstari mwembamba wa kuungia ndani, na tundu la jicho lina kijilango cha shaba cha kusogeza, kimelika mahali pa kidole gumba. "Hiyo imeshikwa na watu miaka mia na zaidi," alisema.

Pili, zile nyuzi ni ukungu unaoota juu ya kioo kwa unyevu. Nisizisugue kavu. Nifungue kichwa kwa mkono, nishike kwa kipande cha mpira wa baiskeli kisiteleze, nisitumie koleo. Nipulize vumbi kwanza. Kisha pamba ya kanzu kuukuu iliyofuliwa mara nyingi, na unyevu kidogo tu. Mirija nisiipake mafuta. Sandukuni niweke mfuko wa mchele uliokaangwa, unyonye unyevu. Nikimaliza kushika, nifute alama za vidole, jasho hula shaba.

Tatu, alisema nisifanye lolote lingine kabla sijamuuliza. Hapo mtandao ulikatika, lakini nilishaelewa.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimefanya lingine.

Najitetea: kila nyumba hapa shaba inasafishwa hivyo. Ikikaribia harusi, masinia, mabirika na mirashi vyote hupakwa ndimu na majivu, vinasuguliwa kwa kumbi la nazi mpaka bibi harusi anajiona uso. Mama yangu Maimuna hushinda kila mtu. Nikasema, Babu haoni, lakini mwenyewe akija akute inang'aa, atajua ilikaa kwa watu.

Nilisugua kuanzia upande wa kioo kikubwa. Ilitoka rangi ya dhahabu! Nikaimba. Nikafika katikati, nikatazama maandishi. LONDON ilikuwa imebaki ONDO, na hata hiyo ukiitazama kwa ubavu.

Nikaacha.

Jumanne, 23 Aprili

Manyunyu. Fundi Abdulrazaq amenitukana kwa Kiswahili, kisha Kisomali, kisha akarudia kwa Kiswahili. Anasema ile rangi ya kahawia haikuwa uchafu. Ilikuwa ngozi ya shaba, imeota miaka mia, na mimi nimeichuna. "Waryaa, wewe kijana, ukizeeka nije nikusugue kwa majivu?"

Ameniambia nisiendelee hata kwa kusawazisha. Kwa hiyo sasa darubini nusu yake dhahabu na nusu kahawia.

Babu aliitaka jioni aipapase, kama kawaida yake. Kidole gumba kikapita kwenye maandishi, kikarudi, kikapita tena. "Mikono yangu imekufa ganzi," alisema. Alipofika kwenye uzi wa buluu akauliza nini hiki. Nikasema kamba ya kuning'inizia. Akasema, "Vizuri, usiiangushe."

Jumamosi, 27 Aprili

Nimefungua kichwa kwa mpira wa baiskeli. Nimefuta kioo. Nyuzi zimetoka tatu kati ya tano. Niliona kunguru upande wa bara, nikamwona mpaka akili yake.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua siku tatu. Mchele umebadilishwa. Sikuigusa zaidi ya hapo.

Jumapili, 5 Mei

Leo naandika mpaka mkono uniume.

Ilikuja mashua ya injini kutoka Kismayo, na ndani yake mtu aliyevaa viatu vya ngozi. Nikajua huyu hakuja kununua samaki. Jina lake Mukhtari, ana duka la vitu vya kale mjini: milango, taa, makasha. Aliuliza nyumba ya mzee Badi. Akakaa barazani, akamshika Babu mikono yote miwili, akalia. Machozi ya kweli, nimeyaona.

"Adeer," alisema, yaani ami kwa Kisomali, "mimi ni mjukuu wa Nahodha Athmani. Nimezaliwa ugenini. Babu yangu akifa alisema, nendeni Ngumi."

Babu alitetemeka. Nilidhani ni kifua, kumbe ni furaha. Alimwita Mwalimu Sharif awe shahidi. Sanduku la darubini lilikuwa ndani, limefunikwa.

"Karibu, mwanangu," Babu akasema. "Unajua ada. Taja."

Mukhtari akafunga macho kama msoma dua. "Mirija mitatu. Ngozi imechakaa upande wa kulia. Imeandikwa LONDON. Chini ya jicho kuna ndoana, babu aliichora mwenyewe."

Kwa kila moja Babu alikuwa akiitikia kwa kichwa, na uso wake ukizidi kuwa kijana. Na mimi nilikuwa nafurahi pia! Naapa. Nilikuwa nawaza, kazi imekwisha, nitaomba radhi kwa ndimu, nitasamehewa.

Halafu Mukhtari akaongeza, kama mtu anayeongeza sukari kwenye chai iliyokwisha kolea: "Na shingoni ina uzi wa buluu. Babu yangu aliufunga kwa mkono wake."

Babu akaguna. "Hata uzi! Mwalimu, mchu ametaja hata uzi."

Uzi ule nilifunga mimi, na Babu kwa furaha amesahau kwamba aliushika akauliza ni nini. Umefungwa siku ya picha, wala haujafunguliwa. Huyu hakuambiwa na babu yeyote. Ameiona kwenye simu.

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Ila kusema "ule uzi ni wangu" ilikuwa kusema "picha niliiweka mimi," na Babu alikuwa anacheka na mwanya wote wazi, mara ya kwanza tangu mwezi wa Ramadhani. Nikafunga.

Mwalimu Sharif akashauri iwe Ijumaa, baada ya sala, mbele ya watu, ndiyo heshima ya amana. Wakakubaliana Ijumaa ya tarehe kumi na saba, Mukhtari awe amemaliza safari yake.

Nilimsindikiza mpaka majini. Akanipiga bega. "Waryaa, picha nzuri. Umependeza. Mimi na wewe tunaelewana, sivyo? Nitakuletea simu mpya. Hiyo yako kamera yake ni ya kizee."

Jumatatu, 6 Mei

Mvua. Nimefuta kioo. Sijasema.

Jumanne, 7 Mei

Mvua. Sijasema. Babu amefuliwa kanzu nyeupe kwa ajili ya Ijumaa ile, ingali siku kumi. Anamwambia kila apitaye, "Nitakufa mikono mitupu, alhamdulillahi."

Jumatano, 8 Mei

Nimempigia fundi kelele kwamba alivujisha picha. Akaniuliza, "Zile picha sita uliniletea mimi pekee?" Nikakata simu.

Ijumaa, 10 Mei

Nilikata shauri kusema leo. Nikaingia. Babu alikuwa anamfundisha Sabah jinsi ya kupokea mgeni wa Fuma, wapi akae, maji yaletwe na nani. Nikatoka na ndoo, nikateka maji ambayo hakuna aliyeyataka.

Jumatatu, 13 Mei

Jua la saa moja. Nilipanda ukutani. Ujumbe wa sauti, namba nisiyoijua, sauti ya mama mtu mzima anayesema kama watu wa huku, lakini ametafuna Mombasa kidogo.

"Mwanangu, salamu alekum. Mimi naitwa Mwanaharusi binti Athmani, wa Fuma. Nimerudi Kismayo mwaka jana. Jirani yangu amenionyesha picha ya kijana na darubini. Nimekaa nayo siku nzima nikiitazama. Nadhani ni ya baba yangu. Niambie iko kwa nani, nije."

Nikasema hee, wa pili huyu! Wamejipanga foleni. Nikamjibu, na najiona bado nilivyojipinda ukutani kwa ujanja: "Mama, kama ni yako, taja alama."

Nikangoja. Likaja jibu fupi.

"Siwezi, mwanangu. Nimeiona picha. Nikitaja, nitakuwa nataja picha. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, alama sizikumbuki vizuri. Mwambie tu mzee kwamba nipo."

Nimekaa juu ya ukuta mpaka mvua ikanishusha.

Jumanne, 14 Mei

Sikumwambia mzee kwamba yupo.

Niandike kwa nini, maana hili daftari haliwezi kunizaba kofi. Nikimtaja mama huyo, Babu atauliza amejuaje. Njia zote zinapita kwenye mdomo wangu. Watu hapa hunicheka, najua. Nasrudin na samaki wake mkubwa kuliko mashua. Lakini hawajawahi kunidharau. Babu ndiye mtu pekee aliyenipa kitu cha kutunza.

Alhamisi, 16 Mei

Upepo. Bahari chafu. Naomba ichafuke zaidi, Mungu anisamehe, wavuvi wana siku nne hawajatoka.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua ya kupasua ardhi. Mashua haikuja. Babu alikaa barazani na kanzu yake nyeupe tangu adhuhuri mpaka alasiri, amepakata sanduku, matone yakimrukia miguuni. Kila aliposikia kitu alisema, "Injini hiyo?" Sabah akasema, "Ni mvua, Babu."

Nilifurahi. Kisha nikamtazama miguu, nikaacha kufurahi.

Jumapili, 19 Mei

Mukhtari ametuma salamu: Ijumaa hii anakuja, iwe isiwe. Nimefuta kioo. Nyuzi zote zimetoka. Darubini inaona vizuri mno, nikaitazama nyumba yetu kutoka ufukweni, nikamwona Babu mlangoni akikohoa, karibu kama naweza kumshika. Nikaikunja.

Jumatano, 22 Mei

Sijasema. Kohozi la Babu lina damu kidogo. Mama ameniambia nisimwambie Sabah. Sasa nina siri nne, mimi ambaye moja hainikai.

Ijumaa, 24 Mei

Jua. Asubuhi yote jua, kama dharau.

Injini ilisikika kabla ya adhana. Mukhtari alisali safu ya mbele. Baada ya sala tukarudi barazani kwetu: Babu, Mwalimu Sharif, Mukhtari na bakuli la halua ya Kismayo, na wanaume kama kumi na wawili wamesimama. Sabah alikuwa dirishani.

Babu akaweka kiganja juu ya sanduku. "Mwalimu, shuhudia. Nahodha Athmani aliniamini…"

"Babu, ngoja."

"Waryaa," Mukhtari akasema kwa upole, "wakubwa wanaongea."

"Uzi ni wangu."

"Uzi gani?" Babu akauliza.

"Wa buluu. Hakufunga Nahodha Athmani. Nimefunga mimi, tarehe kumi na tisa Aprili. Imeandikwa."

Nikampa Mwalimu Sharif daftari hili. Sikuwa nimefikiri vizuri. Nilitaka asome tarehe kumi na tisa tu, lakini Mwalimu ni mtu wa kuanza mwanzo. Akasoma kwa sauti ile ile ya mimbari. Akasoma alama nilizosema sitaziandika. Akasoma picha sita. Akasoma "Urithi hauuzwi." Akafika kwenye mahubiri yake na mvua, akasimama, akanitazama juu ya miwani, watu wakajikohoza, akaendelea. Akasoma ndimu na majivu. Hapo Babu akainua kidole gumba chake, akakigeuza, kama anakiomba radhi.

Akasoma mpaka "Imeiona kwenye simu." Aliisoma vibaya, niliandika "Ameiona," lakini mwandiko wangu ndio huo.

Mukhtari akacheka. "Mzee, kijana anataka kuuza mwenyewe. Ametunga kidaftari."

"Uzi huo," Babu akasema, "babu yako aliufunga lini?"

"Kabla ya kusafiri, adeer. Mwaka ule ule."

Mwalimu Sharif akafungua sanduku, akashika uzi, akauvuta mbele ya macho yake. Wanaume wote wakasogea, na wote ni wavuvi. Hawakuhitaji miwani.

"Huu ni wa bunda tulilogawana mfungo uliopita," akasema mmoja. "Mimi ninao huu huu wavuni."

"Miaka thelathini na tatu na haujapauka," akasema mwingine. "Niuzie huo uzi wako, Mukhtari, nitajirike."

Mukhtari alisimama. Hakugombana. Alivaa viatu vyake, kimoja kimoja, akachukua bakuli lake la halua, akaondoka nalo. Watoto walimfuata mpaka majini.

Nilidhani watu watanisifu. Wakaaga mmoja mmoja.

"Picha imeonwa na wangapi?" Babu akauliza tulipobaki.

"Mia moja arobaini na wawili."

"Na hao wamewaonyesha wangapi?"

"Sijui, Babu."

"Basi alama zimekufa," akasema. Hakupandisha sauti, na ndivyo ilivyokuwa mbaya. "Akija mwenyewe leo, nitamjuaje? Miaka yote hii nimefunga mdomo. Wewe siku nne."

"Tano," nikasema. Sijui kwa nini.

Akamwita Sabah, akampa sanduku. Akamwambia atalala nalo yeye.

Ndipo nikasema kuhusu mama wa Fuma. Nikatoa simu, nikamsikilizisha ujumbe wa kwanza na wa pili. Ule wa pili aliutaka mara tatu.

"Alikataa kutaja?"

"Alikataa."

"Na wewe ukamficha siku kumi na moja."

"Ndiyo."

"Mpigie. Sasa hivi. Panda ukutani kwako."

Jumapili, 26 Mei

Si mtunzaji tena, ila Sabah hajui kuandika hali ya hewa, kwa hiyo ninaandika. Mvua. Sabah hataki nisogelee sanduku. Ananiita "Wasap."

Jumatano, 29 Mei

Babu hakuamka kusali msikitini. Mwanaharusi yuko Kismayo anangoja bahari. Mara hii naomba itulie. Najua Mungu ananishangaa.

Ijumaa, 31 Mei

Upepo mkali lakini amekuja. Mashua ilimtoa amelowa mpaka shungi, amejaa kichefuchefu, ana mfuko mmoja wa plastiki. Mwanamke wa makamo, mfupi, anatembea haraka. Nilimpokea mkono ashuke.

"Wewe ndiye wa picha," akasema.

"Ndimi, mama."

"Mzuri kwenye picha."

Babu alikuwa amelala kitandani, ameegemezwa mito. Mwalimu Sharif yupo. Mwanaharusi alikaa sakafuni, akasema kabla hajaulizwa:

"Babu, sina alama. Nimekuja kukwambia wewe mwenyewe, usiseme nimedanganya. Ukiona si haki kunipa, usinipe. Nitarudi."

Mimi nilikuwa mlangoni nahesabu pumzi za Babu.

"Siku ile ulikuwepo?" Babu akauliza.

"Nilikuwa nimeshika kamba ya mashua. Nilikuwa nalia kwa sababu paka wetu alibaki."

Babu akainua kichwa kutoka kwenye mito. "Baba yako alipoiweka mkononi mwangu, alisema neno moja. Si alama, na haliko kwenye shaba. Nilidhani tumelisikia wachu wawili tu, mimi na yeye. Palikuwa na kitoto cha kike?"

"Palikuwa."

"Sharif, niwie radhi, toka nje. Sabah, toka. Nasrudin." Akangoja kidogo. "Toka."

Nyumba yetu ina tundu ukutani, nyuma, karibu na jiko. Nalijua tangu mtoto. Kila kinachosemwa chumba kile nimekisikia hapo. Nilitoka, nikazunguka nyumba, nikafika mpaka jikoni. Nikaona kivuli cha mtu kupitia tundu. Nikasikia sauti ya Mwanaharusi inaanza.

Nikaenda zangu. Nilitembea mpaka ufukweni, nikaingia majini mpaka kiunoni, mahali mawimbi yanapiga mwamba na huwezi kusikia hata jina lako. Nikasimama hapo.

Sabah ndiye aliyekuja kuniita kwa mikono. Nilipofika, sanduku lilikuwa mapajani mwa Mwanaharusi, na Babu amefunika uso kwa ncha ya kanzu.

Mwanaharusi aliitoa darubini. Akaitazama nusu ya dhahabu na nusu ya kahawia. Nikasema, "Hiyo ni mimi. Ndimu na majivu." Nikangoja.

"Baba angekuchapa," akasema, "halafu angekupa upande wa pili umalizie." Akacheka huku anafuta pua.

Nikamweleza yote: pamba ya kanzu kuukuu, kupuliza kabla ya kufuta, mchele, mpira wa baiskeli, asivute mrija wa tatu kwa hasira. Asing'arishe. Alinitaka nirudie kuhusu mchele, nikarudia. Sikuongeza chumvi popote.

Jumapili, 2 Juni

Hali ya hewa: upepo wa kusini, mkali, hakuna mvua. Sikuigusa. Haipo.

Babu amekunywa uji bakuli zima. Macho hayajabadilika, kifua hakijabadilika. Amelala chali, mikono wazi pande zote mbili kama mkeka uliotandikwa.

Ufukweni leo walinizunguka, na mwana wa Zakir mbele yao.

"Nasrudin, alisema nini yule mama?"

"Sijui."

"Wewe? Na lile tundu lenu la jikoni?"

"Sikusikiliza."

Wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mwacheni, anataka tumbembeleze." Mwingine akasema ngoja mpaka jioni, litamtoka tu, tutalikuta kwenye simu.

Nikaendelea kushona wavu. Walikaa saa nzima wakingoja.